Vilima Viwili vya Kifusi

Kusini mwa Rome ya kale, karibu na mto Tiber, kuna kilima ambacho hakikuletwa na mvua wala volkano. Kimo chake ni kama mita 35, mzunguko wake unakaribia kilomita moja, na majani yameota juu yake kama yanavyoota juu ya kilima chochote. Lakini ukikwangua udongo kwa ncha ya kiatu, unakutana na kigae. Ukichimba zaidi unapata kigae kingine, na chini yake kingine tena. Wenyeji wanakiita Monte Testaccio, mlima wa vigae. Wataalamu wanakadiria kuwa humo mna mabaki ya mitungi milioni 53, mingi ikiwa ya mafuta ya zeituni yaliyosafirishwa kwa meli kutoka kusini mwa Hispania.

Mbali kaskazini, katika msitu wa Grunewald magharibi mwa Berlin, kuna kilima cha pili. Kilele chake kiko kama mita 120 juu ya usawa wa bahari, na siku hizi watu hukipanda jioni kutazama jua likizama juu ya jiji. Kinaitwa Teufelsberg, Mlima wa Shetani, jina kililolirithi kwa ziwa dogo la jirani. Tumboni mwake mmezikwa nyumba za Berlin: kuta, dari, ngazi na mabomba ya moshi yaliyoangushwa na mabomu ya Vita Vikuu vya Pili.

Vilima hivi vinatenganishwa na karne kama kumi na saba, na vyote viwili ni jalala. Ila kila kimoja kina ndugu yake asiyeonekana: vigae na matofali yaliyotoka katika shida ileile lakini hayakufika jalalani, kwa sababu yalipondwa, yakachekechwa, yakatiwa kwenye zege. Safari ya takataka kuingia katika zege ni ndefu kuliko tunavyodhani, na katika kila kituo chake pamekuwa na mtu aliyesimama mbele ya lundo akiamua kipi kiende kilimani na kipi kiende ukutani.

Testa ni kigae

Kiswahili kina neno moja, kigae, kwa kipande cha chungu kilichovunjika na kwa kile cha kuezekea paa. Kilatini nacho kilikuwa hivyohivyo: testa ilikuwa kipande cha mtungi, na ilikuwa pia tofali au kigae cha paa. Huenda watu wanaoishi na udongo uliochomwa huona kuwa ni kitu kilekile, kiwe kizima au kimevunjika.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, msanifu majengo Vitruvius aliandika vitabu kumi kuhusu ujenzi. Anapofika kwenye chokaa na mchanga anatoa ushauri wa kifundi kabisa: mwenye mchanga wa mtoni au wa baharini aongeze theluthi moja ya vigae vilivyopondwa na kuchekechwa, na mchanganyiko wake utakuwa bora. Mahali pengine anasema kuta imara zaidi za matofali ni zile zilizojengwa kwa vigae vya mapaa ya zamani. Sababu yake ni ya mtu aliyeumwa na nyoka: tofali jipya hujui kama limeiva hadi lipigwe na mvua na baridi, bali kigae kilichokaa juu ya paa miaka mingi kimekwisha kufanya mtihani wake.

Vitruvius hakujua kemia, lakini alichokiona kilikuwa kweli. Udongo wa mfinyanzi ukichomwa kwa moto wa kadiri, silika na alumina zilizomo hulegea katika mpangilio wao na kuwa tayari kushikana na kitu kingine. Zikikutana na chokaa na maji, hufungamana polepole na kuwa jiwe, hata mahali ambapo hewa haifiki. Chokaa tupu haiwezi hilo, kwa kuwa inategemea hewa ili iwe ngumu. Ndiyo maana Warumi walipaka mchanganyiko wa chokaa na vigae kwenye matangi ya maji, mifereji na mabafu. Waliuita kwa jina la mji wa Signia, uliosifika kwa vigae vyake.

Vipande hivyohivyo vya udongo uliochomwa vilipanda mpaka juu angani. Kuba la Pantheon, hekalu lililokamilika katika enzi ya mfalme Hadrian yapata mwaka 126, lina upana wa mita 43.3 na halina hata ufito mmoja wa chuma. Mafundi walipanga kokoto zake kwa uzito. Misingini waliweka mawe mazito, walivyopanda wakaingia matofali yaliyovunjwa, na karibu na kilele mawe mepesi ya volkano yenye matundu kama sifongo. Walijua kila kipande kinastahili kukaa wapi.

Sasa turudi kwenye Monte Testaccio tuulize swali linalotusumbua. Kama Warumi walithamini vigae kiasi hicho, kwa nini waliacha mabaki ya mitungi milioni 53 yarundikane hadi yakawa mlima?

Jibu linalotolewa mara nyingi limo ndani ya mitungi yenyewe. Mtungi wa mafuta ya zeituni kutoka Hispania ulikuwa mnene, wenye uzito wa kilo 30 hivi ukiwa mtupu, na ulibeba lita 70 hivi. Mafuta yalizama katika kuta zake, yakachacha, yakanuka. Kuusafisha ilikuwa kazi bure. Kuuponda na kuuchanganya na chokaa kulikuwa hatari zaidi, kwa sababu chokaa na mafuta hutengeneza kitu cha jamii ya sabuni, na ukuta haushikamani kwa sabuni. Kwa hiyo mitungi hiyo ilivunjwa, ikapangwa kwa ngazi juu ya kilima, na chokaa ikamwagwa juu yake ili kupunguza harufu. Kilima kile, basi, si ushahidi wa uzembe. Ni kile kilichobaki upande wa juu wa chekeche.

Elimu hii haikuwa ya Warumi peke yao. Bara Hindi, unga wa matofali uliotiwa kwenye chokaa uliitwa surkhi, na Misri uliitwa homra. Katika pwani yetu, ambako jiwe lilikuwa tumbawe na chokaa ilikuwa tumbawe hilohilo lililochomwa, mafundi walikuwa na njia yao ya kutotupa kitu. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yalichongwa yakawa mihrabu na vizingiti vya milango. Yale magumu yaliyovunjikavunjika, yasiyokubali patasi, yalijaza kuta na dari pamoja na chokaa. Dari ya kawaida ilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vya mawe vya pwani vilikuwa vyembamba kama korido. Huko Kilwa Kisiwani mafundi waliuvuka mpaka huo. Katika Msikiti Mkuu na katika jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, walishindilia vipande vya matumbawe na chokaa wakapata matao na makuba yasiyohitaji boriti. Vipande hivyohivyo ambavyo mchongaji asingevitaka ndivyo vilivyobeba kuba.

Mavi ya chuma

Karne ya 19 ilileta saruji ya Portland na tanuri kubwa za kuyeyushia chuma. Saruji ilikuwa fahari ya zama zile, unga wa kijivu uliochomwa kwa joto kali na kuuzwa kwa mapipa. Tanuri nazo zilitoa chuma, na juu ya chuma lilielea povu zito la mawe yaliyoyeyuka, ambalo wahunzi wetu wamekuwa wakiliita mavi ya chuma. Kila tanuri ilikuwa na mlima wake wa mavi hayo, na hakuna aliyejua la kuufanyia.

Mwaka 1862, katika kiwanda cha chuma cha Troisdorf, karibu na Bonn, Emil Langen aligundua jambo la ajabu. Mavi ya chuma yakiachwa yapoe taratibu huwa jiwe la kawaida lisilo na hamu ya kushikana na chochote. Yakimwagiwa maji mengi yangali moto, hushtuka, hayapati muda wa kujipanga, na kuvunjika kuwa mchanga wa kioo. Mchanga huo ukisagwa na kuchanganywa na chokaa, huganda kama saruji. Takataka ileile ilizaa matokeo mawili, kutegemea imepozwa vipi.

Baada ya miaka michache watu walikuwa wakiuza saruji ya chokaa na mavi ya chuma. Ugomvi ulianza mwaka 1882, Godhard Prüssing alipoyachanganya na saruji ya Portland yenyewe. Wenye viwanda vya saruji vya Ujerumani walikuwa wameungana katika chama mwaka 1877 ili kulinda jina la bidhaa yao, na kwao jambo hili halikuwa na jina jingine ila kuchakachua. Unanunua pipa la saruji, kumbe umeuziwa taka za tanuri! Wafuasi wa mavi ya chuma walijibu kwamba ukuta hauulizi unga umetoka wapi, unauliza kama umeganda.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mchanganyaji mwaminifu alichagua mavi yaliyopozwa kwa maji, akayapima, akayasaga laini. Mchakachuaji alitia chochote kilichokuwa karibu na kinu. Kwa macho, pipa la huyu na la yule yalifanana. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka ishirini na haukumalizwa na hotuba bali na maabara. Mwaka 1909 Ujerumani ilikubali rasmi saruji yenye mavi ya chuma hadi asilimia 30, na mwaka 1917 ikakubali ile ambayo sehemu yake kubwa ni mavi hayo. Kilichokuwa udanganyifu kikawa kiwango cha taifa, kwa sababu sasa palikuwa na chekeche ambalo kila mtu aliliamini: kipimo kilichoandikwa.

Pfennig 72 kwa saa

Mei 1945 vita viliisha Ulaya. Ujerumani ilibaki na kifusi kinachokadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 400. Reli zilikatika, viwanda vya matofali havikuwa na makaa ya mawe, na mamilioni ya watu hawakuwa na paa. Kokoto zilikuwako mtoni, lakini lori la kuzileta halikuwako. Kilichokuwa karibu ni nyumba zilizoanguka.

Picha inayojulikana zaidi ya miaka hiyo ni ya wanawake wa Berlin waliofunga vitambaa kichwani, wamejipanga mstari mmoja, wakipokezana ndoo za kifusi mkono kwa mkono. Wajerumani waliwaita Trümmerfrauen, wanawake wa vifusi. Mwaka 1946 serikali ya kijeshi ya mataifa yaliyoshinda vita ilitoa sheria iliyoruhusu wanawake waajiriwe katika kazi za ujenzi. Berlin ilikuwa nao kama 60,000. Mshahara ulikuwa pfennig 72 kwa saa, lakini kilichowavuta hasa ni kadi bora ya mgawo wa chakula, maana kadi ya chini kabisa haikutosha kumweka mtu hai.

Picha hiyo inasema kweli, lakini haisemi yote. Mwanahistoria Leonie Treber, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionyesha kuwa katika miji mingi kifusi kiliondolewa zaidi na makampuni yenye mashine, na kabla ya hapo, vita vikiendelea, kiliondolewa na wafungwa waliolazimishwa. Wanawake hao walikuwa wengi Berlin kuliko kwingineko, na wengi wao walikwenda kwa sababu ya njaa, si kwa wito wa uzalendo. Kuwaondoa katika ngano hakuwapunguzii kitu. Walichofanya kilikuwa kazi, na ilikuwa kazi ya kuchagua.

Mtu alisimama kwenye lundo akiwa na nyundo ndogo. Tofali zima aliligonga mpaka chokaa ya zamani idondoke, akaliweka pembeni katika fungu la matofali 200, tayari kwa ukuta mpya. Mbao zilikwenda jikoni, vyuma vikapelekwa kuyeyushwa. Tofali lililovunjika lilikwenda kwenye mashine ya kusaga, likatoka likiwa kokoto nyekundu. Vumbi, plasta na mchanganyiko usio na jina ndivyo vilivyobaki.

Mji wa Frankfurt ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 1945 manispaa ilitwaa kifusi chote kiwe mali ya mji na kuanzisha kampuni ya kukisindika. Nyumba yako iliyoanguka haikuwa tena nyumba yako, ilikuwa mgodi wa wote.

Wahandisi walikutana na shida mbili. Ya kwanza, kokoto ya tofali hunywa maji. Ukiitia kavu kwenye zege, inafyonza maji ambayo saruji inayahitaji ili igande, na zege linabaki na kiu. Dawa ilikuwa ileile ya fundi mwashi wa mahali popote anayelowesha tofali kabla ya kulijenga: kokoto zilimwagiwa maji kwanza. Shida ya pili ilijificha zaidi. Dari na kuta za Wajerumani zilipakwa plasta ya jasi. Jasi ina salfeti, na salfeti ikikutana na alumina ya saruji katika unyevu huota fuwele kama sindano. Sindano hizo huvimba ndani ya zege ambalo limekwisha kukauka, na miezi au miaka baadaye ukuta unapasuka kutoka ndani. Kipande cheupe kilichompita mchambuzi leo kilikuwa ufa wa kesho.

Mwaka 1951 Ujerumani Magharibi ilitoa kiwango cha taifa cha zege la kokoto za matofali, namba DIN 4163, kilichoweka mpaka wa salfeti zinazoruhusiwa. Kwa mara nyingine ujuzi wa mkono ulikuwa umegeuzwa maandishi. Hadi mwisho wa 1955, Ujerumani Magharibi ilikuwa imezalisha kokoto za matofali mita za ujazo milioni 11.5 na kujenga nazo makazi 175,000. Zege lenyewe lilikuwa jepesi kuliko la kawaida na lilizuia baridi vizuri zaidi, jambo ambalo mpangaji asiye na makaa ya kutosha aliliona thamani yake kila Januari.

Na yale yaliyobaki? Kuanzia mwaka 1950 malori yalianza kuyapeleka Grunewald. Pale palikuwa na jengo la chuo cha kijeshi ambacho Wanazi hawakukimaliza, imara kiasi kwamba kulizika kulikuwa rahisi kuliko kulibomoa. Malori yalimwaga kwa miaka 22. Ndiyo Teufelsberg.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, taifa lisilo na kifusi lilipokea takataka kwa sababu tofauti. Katika jimbo la Montana, Marekani, Bwawa la Hungry Horse lilijengwa kati ya 1948 na 1953, na kimo chake ni mita 172. Saruji inapoganda hutoa joto, na zege nene kiasi hicho likichemka ndani na kupoa nje hupasuka. Tangu 1937 Raymond Davis wa Chuo Kikuu cha California alikuwa ameonyesha kuwa jivu jepesi linalonaswa kwenye moshi wa makaa ya mawe linaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Huganda taratibu, kwa joto dogo. Basi zaidi ya tani 100,000 za jivu zilisafirishwa kwa reli kutoka eneo la Chicago hadi milimani. Hata hilo halikuwa jivu lolote tu. Jivu lenye makaa mengi yasiyoungua huharibu zege, kwa hiyo lilipimwa kwanza.

Kifusi kinahitajika

Kufikia mwaka 1956 sehemu kubwa ya kifusi cha Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondolewa. Malori yalirudi, mishahara ikapanda, kokoto za mtoni zikawa rahisi kuliko saa ya mtu mwenye nyundo, na mashine za kusaga matofali zikanyamaza. Hakuna aliyethibitisha kuwa zege lile lilikuwa baya. Watu waliacha tu kuchambua, kwa sababu hawakulazimika tena.

Kwetu hesabu ni tofauti. Pembezoni mwa Dar es Salaam wapo wanawake wanaokaa chini ya vivuli vya makuti na magunia wakiponda mawe kwa nyundo, siku nzima, na kuuza kokoto kwa ndoo au kwa lori. Mikono ipo, na ujuzi wa kutenganisha kokoto nene, nusu na chembe upo. Mjini, nyumba za zamani zinavunjwa kupisha ghorofa, na zege lake linabebwa kwenda kutupwa. Watafiti wa Tanzania na Uholanzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walichukua kifusi cha aina hiyo, wakakisaga, wakafyatua matofali ya saruji. Sehemu kubwa ya matofali hayo ilifikia nguvu ya newtoni 7 kwa milimita ya mraba, inayotakiwa kwa ukuta wa kubeba mzigo.

Mafundi wetu wana msemo: zege halilali. Likishachanganywa limiminwe siku hiyohiyo, na jambo lililoanzwa lisiahirishwe. Ni kweli kwa zege bichi. Zege lililovunjwa linaweza kulala kwa miaka jalalani na bado likafaa, mradi atokee wa kulichambua.

Dar es Salaam haina Teufelsberg yake. Kifusi chetu hakirundikwi kikawa kilima. Kinashuka mabondeni, kinajaza mashimo, kinainua viwanja vinavyofurika maji kila masika. Ukipita mitaa ya mabondeni utakiona kibao kimeegemezwa kwenye mti, kipande cha bati chenye herufi za rangi zilizochuruzika: KIFUSI KINAHITAJIKA. Chini yake kuna namba ya simu. Dereva wa tipa anapiga breki, anamwaga matofali, plasta, vioo na zege la nyumba ya mtu kwa pamoja, na kuondoka. Kibao hakisemi kifusi cha aina gani.